Dhahabu ya ujana si hati ya ubingwa: Somo la Winfred Yavi kwa Makueni na Kitui

Julai 2018, mjini Tampere, Ufini, wasichana watatu walipanda jukwaani kupokea nishani za mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, katika Riadha za Dunia za chipukizi wasiozidi umri wa miaka 20. Dhahabu ilimwendea Mkenya Celliphine Chespol, fedha ikawa ya Mganda Peruth Chemutai. Shaba alivishwa Winfred Yavi, mzaliwa wa Ukia, Kaunti ya Makueni, aliyeanza kuvalia jezi ya Bahrain mwaka 2016.

Siku hiyo ungeuliza nani kati yao angetawala dunia, ungejibiwa bila kusita kuwa ni Chespol. Alikuwa ametetea taji lake la chipukizi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa ametimka kwa dakika 8:58.78 mjini Eugene, Marekani. Hadi wakati huo ni mwanamke mmoja tu duniani aliyewahi kukimbia kasi zaidi, na Chespol alifanya hivyo licha ya kusimama katikati ya mbio kurekebisha kiatu. Tampere alimwacha Yavi kwa zaidi ya sekunde kumi.

Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Katika riadha, asubuhi imetudanganya mara nyingi. Chemutai alishinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kufanya hivyo. Yavi akawa bingwa wa dunia Budapest mwaka 2023, na Agosti 6, 2024 akanyakua dhahabu ya Olimpiki jijini Paris kwa dakika 8:52.76, rekodi mpya ya michezo hiyo. Mwezi huo huo, mjini Roma, alikimbia 8:44.39. Alibakisha sehemu saba za mia za sekunde tu kufikia rekodi ya dunia ya Beatrice Chepkoech. Chespol, katika miaka mitano iliyofuata mbio zake za Eugene, hakuweza kuushusha muda wake wa ujana.

Hilo halimpunguzii Chespol heshima. Ni wachache mno waliowahi kukimbia kama yeye katika umri ule. Linalotupasa kujiuliza ni kwa nini msichana aliyemaliza wa tatu aliendelea kupanda.

Tazama ngazi aliyopitia Yavi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 17, alikuwa wa nane katika Riadha za Dunia jijini London. Doha 2019 alimaliza wa nne. Tokyo 2021 akarudi nyuma hadi nafasi ya kumi. Eugene 2022 akawa wa nne tena, nje ya nishani kwa mara nyingine. Muda wake bora, hata hivyo, ulizidi kushuka: 8:56.55 mwaka 2022, 8:50.66 mwaka uliofuata, kisha 8:44.39. Alipewa nafasi ya kushindwa mbele ya wakubwa, mwaka baada ya mwaka, bila kutupwa. Chemutai naye alipitia njia hiyo: Uganda ilimpeleka Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 17.

Kenya nafasi hiyo ni finyu. Nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu kwa kila mbio za Olimpiki, na nyuma ya hao watatu kuna kundi kubwa ambalo lingefika fainali likivaa jezi ya taifa lingine. Chipukizi akikosa uteuzi mara mbili, majina mapya huwa yameshatokea, na aliyeshangiliwa juzi anasahaulika.

Jirani zetu wa Machakos wanayo mifano yao. Jonathan Ndiku alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika kuruka viunzi na maji mwaka 2008 na tena 2010. Caleb Ndiku alishinda mita 1,500 za chipukizi mwaka huo wa 2010. Wote wawili walitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow mwaka 2014, na Caleb akaongeza fedha ya mita 5,000 katika Riadha za Dunia za Beijing mwaka 2015, nyuma ya Mo Farah. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini Jonathan hakupata nishani ya dunia wala ya Olimpiki miongoni mwa wakubwa, na Caleb hakuipata nyingine baada ya Beijing. Alikuwa na miaka 22 tu.

Kitui nayo ina mfano wa upande wa pili. Benson Masya alianzia kwenye ndondi kabla ya kugeukia mbio. Mwaka 1992, Newcastle, akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni. Alishinda Great North Run mara nne na Honolulu Marathon mara tatu. Angepimwa kwa nishani za riadha za shule, nani angemwita nyota?

Si kwamba kila nyota ya ujana huzimika. Faith Kipyegon alikuwa bingwa wa chipukizi mwaka 2012, leo ana dhahabu tatu za Olimpiki. Emmanuel Wanyonyi alishinda taji la chipukizi Nairobi 2021 na dhahabu ya Olimpiki miaka mitatu baadaye. Ila ushindi wa miaka 18 unatueleza mwili umefika wapi siku hiyo, hautuelezi utafika wapi. Mwili wa msichana bado unabadilika. Mwingine amekomaa mapema na wenzake watamfikia. Mwingine amefanyishwa mazoezi ya watu wazima akiwa bado shuleni, au anakimbizwa kila wikendi barabarani Ulaya kwa sababu nyumbani wanangoja pesa, na goti linaposhindwa hakuna daktari wala akiba.

Kwa Makueni na Kitui, pengo lipo pale masomo ya sekondari yanapokwisha. Mwanafunzi aliyezoea mashindano ya kaunti na ya kitaifa anajikuta hana kocha, hana mbio, na kambi kubwa ziko mbali Iten na Kaptagat. Uwanja wa Ithookwe, uliotumika kwa sherehe za Mashujaa Oktoba 2025, ungefaa kuwa makao ya mbio za kila mwezi za vijana wa miaka 18 hadi 23, wakiwemo wale wanaomaliza wa nne na wa tano. Serikali za kaunti zilipe makocha na wataalamu wa tiba ya viungo badala ya kungoja mshindi ili kumpokea kwa ngoma. Wazazi nao wasimruhusu wakala yeyote kumsainisha mtoto mkataba bila wakili kuusoma.

Bingwa wa Olimpiki aliyezaliwa Ukia alipigiwa wimbo wa taifa la Bahrain jijini Paris. Tusipowavumilia wanaokua polepole, wapo wengine watakaowavumilia.