Jiko la mkaa chumbani: gesi isiyonuka

Usiku wa Juni na Julai huku Kintinku huwa na baridi. Baada ya Isha baadhi yetu huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale wakiwa na joto. Husemwa: "Mkaa umeshika, hauna moshi, hauna madhara." Hapo ndipo penye hatari.

Mkaa unapoungua kwa hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Je, kisichoonekana hupimwaje? Weka kiganja karibu na jiko bila kuligusa. Joto unalolisikia huletwa na mionzi iitwayo infraredi. Kila gesi inayofyonza mionzi hiyo ina masafa yake, kama kila stesheni ya redio ilivyo na masafa yake. Ndani ya kipimo, mionzi hupitishwa katika hewa, na upande wa pili hupimwa iliyobaki. Ikipungua katika masafa ya kaboni monoksaidi, gesi hiyo ipo. Ikipungua zaidi, gesi ni nyingi zaidi.

Kipimo cha namna hii kiliwekwa Mlima Kenya, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1999, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Kule mlimani gesi hii ni takriban sehemu 1 katika milioni 10 za hewa. Katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa, huweza kufika mamia ya sehemu katika kila milioni 1.

Nyumbani hatuna kipimo hicho, na pua haitusaidii. Kwa hiyo:

- Washa jiko nje, na usilale nalo ndani hata likiwa limefunikwa majivu. Ongeza blanketi.
- Mjamzito na mtoto mchanga wasikae karibu nalo chumbani.
- Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje haraka, mpeleke kituo cha afya.
- Mweleze mganga kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, kwani kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha kuwa oksijeni inatosha wakati haitoshi.