Wazo la Hadithi na Gharama Yake: Jinsi Riwaya za Mashabiki wa Jane Austen Zinavyopangwa

0. Utangulizi

Katika semina moja ya utunzi, mwanafunzi mmoja alikataa kuwasomea wenzake muhtasari wa hadithi aliyokusudia kuiandika. Alihofu kwamba wangemwibia wazo lake. Mwenzake naye alinyamaza kwa sababu iliyo kinyume: wazo lake lilitokana na riwaya ya mtu mwingine, akadhani kwamba jambo hilo linamfanya yeye kuwa mwizi. Makala hii inakusudia kuwajibu wote wawili. Tutachunguza aina moja ya utunzi ambamo kuazima na kushirikishana mawazo ndiyo misingi ya kazi yenyewe, nayo ni riwaya za mashabiki zinazofuata mfano wa enzi ya Ukaimu nchini Uingereza.

Yafaa kwanza tufafanue istilahi. Tunaita «riwaya ya shabiki» hadithi inayoandikwa na msomaji aliyependa kazi fulani, akitumia wahusika au ulimwengu wa kazi hiyo. «Enzi ya Ukaimu» ni miaka ya 1811 hadi 1820, ambapo Mfalme George III alishindwa kutawala kwa sababu ya ugonjwa, na mwanawe akashika utawala kwa niaba yake. Riwaya 6 kamili za Jane Austen (1775-1817) zilichapishwa zote katika kipindi hicho. Mifano yetu tutaichota hasa katika Pride and Prejudice (1813). Humo Elizabeth Bennet, wa pili kati ya mabinti watano wa nyumba ya Longbourn, anamkataa tajiri mwenye kiburi aitwaye Darcy, kisha, baada ya kila mmoja kuyajua makosa yake, anamkubali.

1. Desturi iliyoanzia nyumbani mwa mtunzi

Wengi hudhani kwamba kuendeleza hadithi za Austen ni zao la sinema na televisheni. Kwa hakika desturi hiyo ilianzia katika ukoo wake. Mpwa wake James Edward Austen-Leigh, katika kumbukumbu alizozitoa mwishoni mwa 1869, anasimulia kwamba shangazi yake alikuwa akiwaeleza jamaa mambo yaliyowapata wahusika baada ya ukurasa wa mwisho. Kwa mfano, Kitty Bennet aliolewa na kasisi aliyeishi karibu na Pemberley, na Mary Bennet akaridhika na karani wa mjomba wake.

Mwaka 1814 mpwa mwingine, Anna, alikuwa akimpelekea shangazi huyo sura za riwaya aliyokuwa akiiandika. Majibu ya Austen yamehifadhiwa, nayo ni somo kamili la upangaji wa hadithi. Alimwambia kwamba familia tatu au nne katika kijiji kimoja zinatosha kuwa kiwanja cha kazi. Alimruhusu awapeleke wahusika wake Ireland, lakini akamwonya asiwafuate huko, kwa sababu hakuzijua desturi za nchi ile. Alimsahihisha pia kuhusu umbali: mji wa Lyme uko karibu maili 40 kutoka Dawlish, kwa hiyo watu wa Dawlish wasingekuwa wakiuzungumzia. Mwalimu huyo hakumpa mwanafunzi wake vitushi vipya. Alimwuliza tu kama vitushi alivyokwisha kuvibuni vingewezekana mahali pale.

Jamaa waliendelea kuandika baada ya kifo chake. Anna alijaribu kuikamilisha Sanditon, riwaya ambayo shangazi yake aliiacha mwaka 1817, lakini naye hakuimaliza. Catherine Hubback, binti wa kaka yake Austen, alichapisha mwaka 1850 The Younger Sister, iliyojengwa juu ya The Watsons, hadithi nyingine ambayo Austen hakuimaliza. Baadaye kazi hiyo ilitoka nje ya ukoo. Katika Old Friends and New Fancies, Sybil Brinton aliwakutanisha wahusika wa riwaya zote 6, muda mfupi tu kabla ya vita vya kwanza vya dunia. P. D. James aliingiza mauaji katika Death Comes to Pemberley (2011), na Jo Baker akaisimulia nyumba ya Bennet kwa macho ya watumishi katika Longbourn (2013).

2. Kanuni ya badiliko moja

Mifano hiyo yaonyesha njia nne za kupata wazo: kuendeleza mbele hadithi iliyokwisha, kuisimulia upya kwa jicho la mhusika mdogo, kuwachanganya wahusika wa kazi mbalimbali, na kuibadilisha hadithi katika kiungo kimoja kisha kuona inakokwenda. Njia ya nne ndiyo inayofaa zaidi kufundishia, kwa sababu huanza na swali lililo wazi: ingekuwaje kama?

Hata hivyo, swali bado si mpango. Kila mtu aweza kuuliza ingekuwaje kama baba angekufa mapema, au kama barua ingepotea. Swali hugeuka kuwa mpango pale mtunzi anapohesabu gharama yake, yaani nani anapoteza nini, lini, na kwa sheria au desturi ipi. Kwa ajili hiyo twapendekeza badiliko liwe moja, nalo liwekwe katika tarehe na mahali panapojulikana. Mabadiliko mengine yote yatokane na hilo la kwanza. Mtunzi anayembadilisha baba, akabadilisha pia tabia ya binti na utajiri wa mchumba, ameandika hadithi nyingine na kuipa majina ya kuazima.

3. Mfano: kifo cha Bwana Bennet

Tuchukue wazo moja: Bwana Bennet anafariki mwanzoni mwa Novemba, siku chache kabla ya ndugu yake Collins kufika Longbourn kwa mara ya kwanza. Je, gharama yake ni nini?

Kwanza, mali. Shamba la Longbourn linatoa pauni 2,000 kwa mwaka, lakini urithi wake umefungwa: wanaume tu ndio wanaoweza kuupokea. Kwa kuwa Bennet hana mwana, siku anapokufa shamba na nyumba vinakuwa vya Collins. Mjane na mabinti wanabaki na pauni 5,000 walizowekewa katika mkataba wa ndoa. Tukitumia faida ya asilimia 4, ambayo Collins mwenyewe anaitaja, fedha hizo zinaleta pauni 200 kwa mwaka. Kwa hiyo watu sita wanashuka hadi sehemu moja ya kumi ya kipato cha jana. Darcy, kwa upande wake, ana pauni 10,000 kila mwaka.

Pili, desturi. Nyumba yenye msiba haiendi dansini. Katika riwaya ya asili, Elizabeth na Darcy wanacheza pamoja katika sherehe ya Netherfield mwishoni mwa Novemba. Sasa sherehe hiyo haimhusu binti aliyevaa nguo nyeusi, na mtunzi hana budi kuwatafutia mahali pengine pa kusemezana. Hawezi kutumia barua, kwani mwanamume na binti wasio ndugu wala wachumba hawakuandikiana pasipo kuvunja heshima. Ndiyo maana Darcy wa asili anamkabidhi Elizabeth barua yake mkononi. Zaidi ya hayo, kabla ya mageuzi ya posta ya 1840 aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipia barua, nayo pauni 200 haziruhusu barua nyingi.

Tatu, uhuru wa kukataa. Collins anapomposa Elizabeth katika riwaya ya asili, mama anamlazimisha akubali, lakini baba anamkinga. Sasa mkingaji amekufa, na mposaji ndiye mwenye nyumba. Neno moja la Elizabeth laweza kuwarudishia mama na dada zake makao yao. Kukataa kwake, ambako hapo awali kulikuwa ushujaa wenye kicheko, kumekuwa jambo linaloweza kuwaumiza watu watano. Hapo ndipo hadithi mpya inapoanza.

Yafaa kuongeza tokeo la nne, ambalo watunzi wengi hulisahau. Elizabeth asipoolewa na Collins, na Collins asipomwoa rafiki yake Charlotte Lucas, basi Elizabeth hana sababu ya kwenda Hunsford, mahali ambapo Darcy anamposa kwa mara ya kwanza. Badiliko moja la Novemba limeifuta posa ya Aprili. Mtunzi asiyeliona hilo katika mpango ataligundua katika sura ya ishirini, baada ya kupoteza kazi ya miezi mingi.

4. Maneno yenye mitego

Kwa wanafunzi wa lugha, kuna jambo linalostahili uangalifu wa pekee. Anayetaka kuandika riwaya ya aina hii kwa Kiswahili atakutana kwanza na neno «mahari». Sisi twalitumia kwa mali inayotolewa na upande wa mume. Katika jamii ya Austen, fedha zilitembea kinyume: binti alitazamiwa kuja na fungu lake, na fungu dogo lilimpunguzia wachumba. Tukiandika kwamba Elizabeth «ana mahari ndogo», msomaji wa Lubumbashi au Bukavu atafahamu kwamba wakwe walitoa kidogo, na kisa chote kitapinduka. Heri kusema «fungu la binti» na kulieleza mara moja mwanzoni.

Mtego wa pili ni namna za kuitana. Kwa Kiingereza cha wakati ule, binti mkubwa aliitwa Miss Bennet kwa jina la ukoo tu, na wadogo wake wakaongezewa jina lao wenyewe, kama Miss Elizabeth Bennet. Vilevile Lady Catherine anaitwa kwa jina lake mwenyewe kwa sababu ni binti wa mkabaila mkubwa, hali Lady Lucas anachukua jina la ukoo wa mume, kwa kuwa heshima yake yatokana na mumewe. Mtunzi anayemfanya Darcy amwite Elizabeth kwa jina tupu katika sura ya tatu amevunja sheria ya ulimwengu alioazima. Msomaji wetu hatakosa kuelewa uzito wa kosa hilo, kwani kwetu pia hakuna anayemwita mama mkwe kwa jina lake, na mama wa watoto huitwa kwa jina la mwanawe.

5. Kushirikishana bila kuibiana

Sasa twaweza kumrudia mwanafunzi wa kwanza. Kwa kawaida sheria za haki za mtunzi hulinda usemi, yaani maneno na umbo la kazi, wala hazilindi wazo tupu. Wanafunzi kumi wakipewa swali la kifo cha Bwana Bennet, wataandika riwaya kumi tofauti, kwa sababu kila mmoja atahesabu gharama kwa njia yake. Kwa hiyo anayesoma muhtasari wake mbele ya wenzake hapotezi kitu kikubwa, naye hupata wasikilizaji wa kumwuliza mapema kuhusu Hunsford.

Muhtasari unaofaa kushirikishwa hauzidi ukurasa mmoja. Nao utaje mambo manne: kiungo kinachobadilika pamoja na tarehe yake, mtu anayepoteza zaidi, mambo ya asili yanayobaki yalivyokuwa, na swali ambalo mwandishi mwenyewe hajalijibu. Wasikilizaji waombwe maswali kuliko mapambo. Na kila shauri linalokubaliwa liandikwe pembeni pamoja na jina la aliyelitoa. Austen mwenyewe alifanya hivyo kwa mzaha. Mwaka 1816 aliandika mpango wa riwaya ya kichekesho uliokusanya mashauri ambayo jamaa na marafiki walimpa pasipo kuombwa, na pembeni akataja majina ya walioyatoa.

Kuhusu mwanafunzi wa pili, jibu letu lina sehemu mbili. Kisheria, kazi za Austen ni mali ya wote, lakini si kila kitu cha enzi ya Ukaimu kiko huru. Georgette Heyer, aliyeandika Regency Buck (1935), alifariki mwaka 1974, na nchini Uingereza haki za mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Tena, tukio la Darcy kujitosa bwawani limo katika filamu ya televisheni ya 1995, wala halimo katika riwaya. Mpangaji mwangalifu hutenganisha alichokisoma na alichokitazama.

Kwa upande wa heshima ya utunzi, fasihi ya Kiswahili ina jibu la kale. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mwenzake na kuziongezea mishororo hadi itimie mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyofanya kwa mashairi yanayonasibishwa na Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu mishororo ya asili inajulikana na mishororo ya nyongeza inajulikana. Kinachotofautisha utunzi na wizi ni kuonekana kwa mshono huo.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya shabiki haipimwi kwa upya wa wazo lake. Hupimwa kwa uaminifu wa hesabu inayofuata wazo hilo. Kuazima ulimwengu wa mtu mwingine ni kuazima pia sheria zake za urithi, maili zake, gharama za barua zake na namna zake za kuitana. Tena hesabu hiyo haifanyiki vema na mtu mmoja, kwani macho ya wenzake huona kiungo ambacho yeye amekiruka.

Twawaalika wenzetu wanaofundisha utunzi walijaribu zoezi hili: wachague riwaya moja ambayo darasa zima limeisoma, ya Kiswahili au ya lugha nyingine, wabadilishe kiungo kimoja tu, na kumtaka kila mwanafunzi alete ukurasa mmoja wa gharama kabla ya kuandika sura yoyote. Kurasa hizo zisomwe kwa sauti, na pembeni yaandikwe majina.