Mashine ya Marehemu Ipimwe Kwanza, Bei Baadaye

Mvuvi wa pwani anapofariki, nyumba na minazi hukadiriwa bila kelele nyingi. Mzozo huanzia kwenye mashine ya boti. Kijana aliyekuwa akienda baharini na baba yake atasema imechoka, haifiki hata milioni. Dada yake aliyeolewa mjini ameulizia bei ya mpya dukani, naye anataka hesabu ianzie hapo. Huenda wote wawili wana nia njema, lakini hakuna aliyeifungua mashine akaiangalia. Bei ya haki ni ile ambayo mnunuzi asiye ndugu angeitoa leo, mashine ikiwa kama ilivyo, baada ya kupimwa na fundi. Na kipimo hicho kifanyike kabla haijajulikana nani ataichukua, maana akishajulikana, kila kasoro itakayotajwa itakuwa na mtu wa kuikuza na mtu wa kuikana.

Umri pekee hautoshi kuwa ushahidi. Yamaha Enduro ya farasi 40 iliyokuwa ikisafishwa kwa maji baridi kila inaporudi inaweza kufanya kazi miaka mingi, na ile iliyonunuliwa juzi ikafa kwa sababu chumvi iliachwa igande kwenye njia za maji. Fundi huanza kwa kufungua plagi na kufunga geji mahali pake, kisha huvuta kamba na kusoma mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ringi au pistoni zimelika. Halafu hulegeza skrubu ya chini na kutoa oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshapita kwenye sili, na huenda beringi na gia zimeanza kuliwa na kutu. Mwisho mashine iwashwe ikiwa majini, ipate moto, na maji ya kupoozea yaonekane yakiruka kwa nguvu. Kila jambo kati ya hayo lina gharama yake ya matengenezo, na gharama hiyo ndiyo hupunguzwa kwenye bei ya mashine nzima ya aina ileile inayouzwa mkononi. Hata iliyokufa kabisa haina bei ya chuma chakavu tu, kwa kuwa mguu wake na vipuri vilivyo hai vina wanunuzi.

Tuseme marehemu Mwislamu ameacha mjane, wana wawili na binti mmoja. Mashine ikiandikwa shilingi 3,000,000, mjane anapata thumuni yake, 375,000, binti 525,000 na kila mwana 1,050,000. Ikiandikwa 1,200,000, mjane anabaki na 150,000 na binti 210,000. Mwana anayeichukua angewalipa wenzake 1,950,000 kwa bei ya kwanza. Kwa bei ya pili analipa 780,000 tu. Tofauti yote hiyo imetokana na neno la mtu mmoja kwamba mashine imechoka.

Atajibu kwamba jasho lake ndilo lililoiweka hai. Hoja hiyo ina uzito, lakini desturi ya uvuvi yenyewe imeshaitenga: mapato yanapogawanywa kwa mafungu, mabaharia wana lao na mashine ina lake. Jasho lililipwa kwenye fungu la baharia. Fungu la mashine tangu siku ya msiba ni la warithi wote hadi mgawanyo ukamilike, na pistoni aliyoinunua kwa fedha zake katika kipindi hicho arudishiwe, la sivyo atakuwa ameinunua mara mbili. Wengine watasema bei kamili itamshinda na riziki ya nyumba itakatika. Hilo linahusu namna ya kulipa. Anaweza kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, au wenzake wakamsamehe, lakini amsamehe mtu mzima anayejua ni shilingi ngapi anaziacha. Haki ya mtoto mdogo haisamehewi na wakubwa wake.

Kabla ya yote, iulizwe kama mashine ilikuwa ya marehemu kweli. Iliyotolewa kwa mkopo wa kikundi au wa tajiri anayenunua samaki huja na deni, na madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 107 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi kinampa msimamizi miezi 6 kuwasilisha orodha ya mali na mwaka 1 kutoa hesabu. Mahakama za mwanzo zina utaratibu wao wenye muda mfupi zaidi. Ndugu msimamizi, tafuta fundi asiye wa ukoo, warithi wasimame pale anapofungua plagi, na alichokiona kiandikwe na kutiwa saini siku hiyohiyo.