'Sukuma-vuta': Magunia pekee hayatoshi kuwa kipimo

MKULIMA mdogo wa mahindi kandokando ya Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya, ana maadui wawili wa kudumu: bungua wa mabua na gugu la kiduha, ambalo hunyonya mizizi ya zao kabla ya kuchomoza juu ya ardhi.

Mbinu ya 'sukuma-vuta' huwakabili wote wawili bila dawa za viwandani. Ilibuniwa katika miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kikishirikiana na watafiti wa Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, nao huvutwa na majani ya tembo yaliyozunguka shamba, ambako viwavi wao wengi hufa. Mizizi yake nayo huchochea mbegu za kiduha kuota, kisha huzizuia kujishika kwenye mahindi.

Je, yafaa kwa kila mkulima? Hapo magunia pekee hayatoi jibu. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na palizi ya msimu wa kwanza ni nzito. Faida kubwa ni malisho. Asiye na ng'ombe wala mnunuzi wa majani huikosa. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja naye hana sababu ya kupanda mmea utakaodumu miaka kadhaa, amwachie mwenye ardhi. Tatizo la mbegu angalau lina nafuu: desmodiamu huota pia kwa vipande vya shina, ambavyo jirani aweza kumkatia jirani.