Kwa Nini Kenya Ilitia Saini na Sisi Tukakataa

Hivi karibuni nilikuwa Ngujini, katika milima ya Upare, kumjulia hali baba mkubwa. Taarifa ya habari ilipokwisha alizima redio, akaniuliza: "Mwanangu, Wakenya wametia saini mkataba na Wazungu, sisi tumekataa. Sasa kahawa yangu itakosa soko?"

Anachokisema mzee ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao mazungumzo yake yalikamilika Oktoba 2014. Ulaya iliahidi kupokea bidhaa zetu bila ushuru. Sisi nasi tungeondoa ushuru, hatua kwa hatua kwa miaka 25, kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa tunazoagiza kwao. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge likaunga mkono msimamo wa Serikali.

Wapo waliouita ukaidi. Lakini anayekwenda kwenye meza ya namna hii hujiuliza kwanza: nisipotia saini, nitapatwa na nini? Tanzania imo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 Ulaya hupokea bidhaa za nchi hizo bila ushuru, isipokuwa silaha. Kwa hiyo hatukupoteza kitu. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, kwa karibu miezi mitatu, maua yake yalitozwa ushuru Ulaya, na wenye mashamba kule Naivasha hawajausahau msimu ule. Ndiyo maana Desemba 2023 Kenya ilitia saini peke yake, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Nikamwambia baba mkubwa asihofu: kahawa mbichi haitozwi ushuru Ulaya, itoke nchi yo yote. Kahawa iliyokaangwa ndiyo hutozwa asilimia 7.5, nasi tumesamehewa. Msamaha huo tumekuwa nao tangu 2001, na bado kahawa yetu nyingi inaondoka nchini ikiwa mbichi. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo tunapostahili lawama, kuliko kwenye ile saini.

Mzee hakuridhika. Je, bidhaa za Ulaya zikiingia Mombasa bila ushuru, nani atazizuia zisivuke Taveta kuja Holili? Kweli, tangu 2005 nchi za Jumuiya yetu hutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa za nje, na mwaka 2021 wakuu wa nchi waliruhusu anayetaka mkataba huu atangulie. Sasa kazi ni ya maofisa wa forodha pale mpakani: kukagua vyeti vya asili ya bidhaa, kutenganisha bidhaa za Kenya na za Ulaya zilizobadilishiwa pakiti tu.

Jingine sikumwambia, kwani giza lilikuwa limeingia. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba Tanzania, kwa mara ya kwanza, imefikia vigezo vya kutoka katika orodha ile ya nchi duni. Kutoka huchukua miaka kadhaa. Siku hiyo ikifika, baada ya muda wa mpito, Ulaya itatuuliza swali lile lile iliyoiuliza Kenya.