Ludwigia, ndugu wa ua la jioni aliyeko Kisangani

Oenothera, yaani ua la jioni, ni maua, mengi yakiwa ya njano, yenye asili ya bara la Amerika. Spishi zake nyingi hufunguka jua likizama na kungoja nondo wa usiku. Oenothera biennis ilifika bustani za Ulaya karne ya 17, na siku hizi mafuta ya mbegu zake huuzwa kwenye vidonge. Huku mkoani Tshopo, mwenyeji ni ndugu yake: Ludwigia.

Shuka kwenye mabonde ya majimaji pembezoni mwa Kisangani, penye mpunga au mfereji uliotuama. Tafuta mmea uliosimama wima, shina lenye wekundu, na viua vidogo vya njano makwapani mwa majani. Huo ni Ludwigia abyssinica. Hesabu petali: nne. Halafu tazama chini yake. Kinachodhaniwa kuwa kikonyo cha ua ndicho tunda changa lenyewe. Petali zikipukutika, sepali nne hubaki zimeng'ang'ania juu yake. Tunda kukaa chini ya ua ni alama ya ukoo mzima wa Onagraceae, wenye spishi 650 hivi. Tofauti yake na Oenothera, wa ukoo huohuo, ni saa za kazi: Ludwigia huchanua mchana, nyuki wakiwapo.

Linnaeus aliipa jenasi hiyo jina mwaka 1753, kumuenzi mtaalamu wa mimea wa Leipzig, Christian Gottlieb Ludwig. Spishi yetu, L. abyssinica, ilielezwa kutoka Ethiopia, lakini makao yake ni karibu Afrika yote ya kitropiki, hadi Madagaska.

Jambo la makao si dogo. Magugu maji yanayoelea mbele ya Kisangani, yenye maua ya zambarau, yametoka Amerika Kusini na kuenea mtoni Kongo miaka ya 1950. Ludwigia nayo ina wavamizi wake: L. grandiflora ya Amerika Kusini imeziba mito ya Ufaransa, hata mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukaiweka kwenye orodha ya spishi vamizi. Mmea hauwi adui kwa ukoo wake. Huwa adui ukihamishiwa mahali ambapo hakuna wa kuuzuia.

Kwa hiyo mkulima aing'oe L. abyssinica shambani mwa mpunga, ni haki yake. Lakini wanaosafisha kingo za mito Tshopo na Lindi watazame rangi ya ua kwanza: la zambarau ling'olewe, la njano lichunguzwe kabla ya kuguswa.