Gesi ya Samadi: Nani Atabeba Ndoo?

Mwenye kupita vijiji vya Karatu alfajiri huona moshi ukipenya mapaa ya majiko kabla jua halijachomoza. Ndani yupo mama anayepuliza kuni mbichi huku macho yakimtoka machozi, na mara nyingi mgongoni yupo mtoto anayevuta moshi uleule. Kuni hizo nazo hutoka mbali. Upande wa msitu wa Ngorongoro, anayezitafuta huweza kukutana na nyati au tembo. Ndiyo sababu wiki hii tunazungumzia gesi ya samadi.

Jambo hili si geni kwetu. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikijenga mitambo yake tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa kuieneza majumbani. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, kisha humiminwa katika kuba lililojengwa chini ya ardhi. Humo, pasipo hewa, vijidudu huivundisha, na gesi itokayo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, hupita bombani hadi jikoni. Kilo 25 za samadi kwa siku, yaani za ng'ombe wawili au watatu wa bandani, huweza kuwasha jiko moja kwa saa mbili hadi tatu. Mwali wake hauna moshi wala masizi. Hata daku huandaliwa kwa wepesi.

Karatu, kwenye familia nyingi zinazofuga bandani, mtambo unafaa. Kwa wafugaji wa Ngorongoro mambo ni magumu zaidi: ng'ombe hushinda malishoni, samadi nyingi hubaki huko, na baridi ya nyanda za juu hupunguza kasi ya gesi. Asiye na samadi ya kila siku karibu na nyumba asikimbilie kujenga.

Liko pia suala la maji. Samadi kilo 25 zahitaji lita 25 za maji, zaidi ya ndoo moja kubwa, kila siku, hata kiangazi. Maji ya mvua yakingwe kutoka kwenye bati, na mkojo wa ng'ombe waweza kushika nafasi ya sehemu ya maji hayo. Maji ya sabuni yasitiwe, kwani huua vijidudu.

Tuzingatie pia tohara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, kinyesi cha mnyama ni najisi. Basi nguo za kazi hiyo zitengwe, na mwili uoshwe kabla ya swala. Harufu ya yai viza ikisikika jikoni, koki ifungwe, madirisha yafunguliwe, na kiberiti kisiwashwe.

Tope linalotoka mtamboni ni mbolea njema kwa kahawa, mahindi na mboga. Faida ni nyingi, lakini hazimfikii mama mpaka kazi igawanywe. Baba aliyejenga mtambo kisha akamwachia mkewe samadi na ndoo, amemtua mzigo wa kuni na kumtwika wa maji. Kabla ya kumwita fundi, familia ikae na kupatana: nani atazoa, nani atachota, nani atakoroga. Baba na wavulana wakishika zamu zao, Inshaallah jiko hilo litakuwa nafuu ya nyumba nzima.